Gari Lililobebwa na Kimiminika: Historia ya Ubunifu wa Citroën DS, 1955–1975

Katika historia ya magari ya abiria ya karne ya 20, ni machache yaliyokusanya mambo mageni mengi kwa wakati mmoja kama Citroën DS, gari la Kifaransa lililozinduliwa katika maonyesho ya magari ya Paris mwezi Oktoba 1955 na kuendelea kuundwa hadi Aprili 1975. Gari hilo halikuwa na springi za chuma wala pedeli ya klachi. Usukani wake ulishikiliwa na mkono mmoja tu badala ya miwili au mitatu. Paa lake lilifinyangwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa ndani ya plastiki. Na pale ambapo dereva alitarajia kukuta pedeli ya breki palikuwa na kitufe cha mpira chenye umbo la uyoga. Mambo hayo mara nyingi huorodheshwa kama maajabu yaliyotengana, kila moja likisimama peke yake, ilhali mengi kati yake yalichipuka katika shina moja, yaani mzunguko wa kimiminika chenye mgandamizo mkubwa uliolipita gari zima mithili ya mshipa wa damu. Umoja huo ndio uliolipa gari hilo ubora wake na ndio uliolipa udhaifu wake, na kwa kiasi kikubwa ndio ulioamua ni ubunifu upi ungeenea duniani na upi ungetoweka.

Mizizi ya DS imo katika desturi ya kiwanda kilichoizaa. André Citroën, aliyezaliwa mwaka 1878, alianza kutengeneza magurudumu ya meno yaliyokatwa kwa mchoro wa herufi V, na ndiyo maana alama ya kampuni yake hadi leo ni herufi V mbili zilizopinduliwa na kupangwa moja juu ya nyingine. Mwaka 1919 alianza kuunda magari, na mwaka 1934 akatoa gari lililoitwa Traction Avant, maana yake gari linalovutwa kwa mbele, kwa sababu nguvu ya injini ilipelekwa kwenye magurudumu ya mbele wakati magari mengi yalisukumwa na yale ya nyuma. Gari hilo halikuwa na chasisi, yaani fremu nzito ya chuma ambayo juu yake hufungwa bodi. Bodi yenyewe ndiyo iliyobeba uzito wote, na kwa hiyo gari likawa jepesi na la chini. Gharama za kuliandaa zilichangia kuifilisi kampuni mwaka huohuo, nayo ikaangukia mikononi mwa mdai wake mkubwa, kampuni ya matairi ya Michelin. Citroën mwenyewe alifariki Julai 1935, lakini wawili kati ya wabunifu wa Traction Avant walibaki kiwandani: André Lefèbvre, mhandisi, na Flaminio Bertoni, mchongaji wa sanamu kutoka Italia aliyehamishia kipaji chake kwenye bodi za magari. Miaka 20 baadaye, wawili hao ndio walioipa DS mifupa na sura.

Michelin ilimweka Pierre-Jules Boulanger katika uongozi, naye akaleta namna ya kufikiri iliyoanzia kwa mtumiaji na barabara yake. Maagizo yake kuhusu gari dogo la wakulima, ambalo lilikuja kuonyeshwa mwaka 1948 kwa jina la 2CV, yanakumbukwa sana: gari hilo lilitakiwa kubeba watu wawili pamoja na kilo 50 za viazi, na kupita katika shamba lililolimwa bila kuvunja mayai yaliyomo kikapuni. Barabara nyingi za Ufaransa wakati huo zilikuwa za mawe, zenye mgongo katikati na mabonde pembeni, na vita vikuu vya pili vikaziharibu zaidi. Swali la namna ya kuyavuka mashimo bila kuwaumiza abiria lilikuwa, kwa hiyo, swali la maisha ya kila siku, na jibu lake lilitafutwa kwa ajili ya gari la mkulima kabla halijatafutwa kwa ajili ya gari la rais.

Kazi ya kulijibu swali hilo kwa gari kubwa ilimwangukia Paul Magès, aliyezaliwa mwaka 1908 na kuingia katika kampuni mwaka 1925 bila kupitia chuo cha uhandisi. Alikuwa amejipatia sifa kwa kazi yake juu ya breki, na mwaka 1942, wakati Paris ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, alipewa jukumu la kufikiria upya namna gari linavyobebwa juu ya magurudumu yake. Ugumu aliokabiliana nao unaeleweka na kila aliyesafiri katika gari lililojaa. Springi laini humstarehesha abiria gari likiwa tupu, lakini mzigo ukiongezeka huzama hadi chini na gari likagonga. Springi ngumu hustahimili mzigo, lakini gari likiwa tupu huruka na kutikisika kwa kila jiwe. Kwa kuwa springi ya chuma ina ugumu mmoja tu tangu inapotoka kiwandani, kila muundaji wa magari alilazimika kuchagua nafasi fulani ya katikati ambayo haikumridhisha mtu yeyote kikamilifu. Magès aliukataa uchaguzi huo, akatafuta springi ambayo ugumu wake ungebadilika kulingana na mzigo uliopo.

Springi hiyo aliipata katika gesi. Mfumo alioubuni uliitwa haidronyumatiki, neno lililoundwa kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya maji na pumzi, kwa sababu uliunganisha kimiminika na gesi katika kazi moja. Kila gurudumu liliunganishwa na pistoni iliyotembea ndani ya silinda, na juu ya silinda hiyo palifungwa tufe la chuma lililogawanywa ndani kwa kiwambo cha mpira: upande mmoja wa kiwambo kulikuwa na gesi ya naitrojeni, na upande wa pili kimiminika. Gurudumu lilipopanda jiwe, pistoni ilisukuma kimiminika, kimiminika kikasukuma kiwambo, na gesi ikabanwa. Na kwa kuwa gesi huzidi kuwa ngumu kadiri inavyobanwa, tufe lilikuwa laini kwa mtikiso mdogo na imara kwa mtikiso mkubwa. Kazi ambayo katika magari mengine hufanywa na shokomzoba, yaani kuzuia gari lisiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo, ilifanywa hapa na vitundu vyembamba vyenye vali, vilivyokuwa kati ya silinda na tufe na ambavyo kimiminika kililazimika kupenya kwa shida.

Hatua iliyokamilisha uvumbuzi ilikuwa kuviunganisha vyombo hivyo na pampu iliyoendeshwa na injini. Pampu hiyo, yenye pistoni saba, ilijaza tufe la akiba kwa kimiminika chenye mgandamizo wa zaidi ya mara 140 ya ule wa hewa ya kawaida, na kutoka hapo mirija myembamba ya chuma ikakisambaza. Mbele na nyuma ya gari kulikuwa na vali za kurekebisha kimo: abiria walipoingia na gari likazama, vali ilifunguka na kuruhusu kimiminika zaidi hadi gari likarudi kwenye kimo chake, na waliposhuka, vali ilikirudisha kimiminika cha ziada kwenye tangi. Vali hizo zilifanywa kuwa nzito kidogo katika kuitika, zisije zikajibu kila jiwe la njiani. Dereva naye alipewa mkono mdogo wa kuchagua kimo, akaweza kuliinua gari kabla ya kuvuka njia mbaya. Mkono huohuo ulichukua nafasi ya jeki: gari liliinuliwa hadi mwisho, nguzo fupi ikasimikwa ubavuni, kisha mfumo ukaamriwa kushuka, na magurudumu ya upande ule yakajikunja na kuachana na ardhi.

Kampuni ilikuwa na hekima ya kuujaribu mfumo huo taratibu, na mwaka 1954 ikauweka kwenye magurudumu ya nyuma tu ya Traction Avant yenye silinda sita. Mwaka uliofuata DS ilizinduliwa mjini Paris, na siku ya kwanza pekee maonyesho hayakufungwa kabla ya kampuni kupokea oda zipatazo 12,000. Jina lenyewe lilisaidia, kwa kuwa herufi DS zikitamkwa kwa Kifaransa husikika kama neno lenye maana ya mungu wa kike, na mwandishi Roland Barthes aliliingiza gari hilo katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu ngano za maisha ya kisasa. Hata hivyo, kilichowashangaza watazamaji zaidi ya umbo kilikuwa tendo: gari lililokuwa limelala chini lilipowashwa injini liliinuka lenyewe, kwanza nyuma na kisha mbele, kama ngamia anavyonyanyuka na mzigo wake.

Baada ya kupata chanzo cha nguvu kilichokuwa tayari muda wote injini ikiunguruma, wabunifu waliona ni upotevu kukitumia kwa springi pekee. Kimiminika kilekile kilipelekwa kwenye usukani, kikamsaidia dereva kuyageuza magurudumu ya mbele yaliyobeba sehemu kubwa ya uzito wa gari. Kilipelekwa pia kwenye giaboksi, ambako kilibana na kuachia klachi na kusogeza gia, hata dereva akabaki na kazi ya kugusa tu kijiti chembamba kilichokuwa juu nyuma ya usukani. Kijiti hichohicho kikisukumwa kushoto kiliwasha injini. Kwenye breki kilileta badiliko kubwa zaidi, kwani nguvu ya kusimamisha gari haikutoka tena katika msuli wa mguu. Kitufe chenye umbo la uyoga kilikuwa mlango wa vali tu: mguu ulikibonyeza kwa milimita chache, na kiasi cha kubonyeza ndicho kilichopima kiasi cha nguvu. Mfumo ulijua pia uzito uliokuwa nyuma, kwa kuwa mgandamizo katika springi za nyuma uliongezeka kwa mzigo, na kwa njia hiyo breki za nyuma zilipewa nguvu zaidi gari lilipojaa na nguvu kidogo lilipokuwa tupu.

Breki zenyewe zinastahili maelezo, kwa kuwa zinaonyesha jinsi ubunifu mmoja ulivyofungua mlango wa mwingine. Magari mengi ya wakati huo yalitumia breki za dramu, ambamo viatu vya breki hutanuka ndani ya ngoma ya chuma na kuisugua, nazo hupungua nguvu zikipata joto. DS ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuundwa kwa wingi yakiwa na breki za diski mbele, yaani sahani ya chuma inayobanwa kwa pande zote mbili na kupozwa na upepo. Lefèbvre hakuzifunga diski hizo ndani ya magurudumu kama ilivyo kawaida. Alizifunga katikati ya gari, ubavuni mwa giaboksi. Kwa kufanya hivyo aliyapunguzia magurudumu uzito, na zaidi ya hapo akapata nafasi tupu ndani ya kitovu cha gurudumu, ambamo aliweka mhimili wa kugeukia ili upite katikati kabisa ya gurudumu. Faida yake ni kwamba tairi la mbele likipasuka, upinzani wa ghafla wa barabara haupati nafasi ya kuunyakua usukani na kulivuta gari pembeni.

Jambo hilo lilithibitishwa hadharani tarehe 22 Agosti 1962 huko Petit-Clamart, nje kidogo ya Paris, wakati watu wenye silaha waliopinga uhuru wa Algeria walipoimiminia risasi DS iliyomchukua Rais Charles de Gaulle na mkewe. Matairi yalipasuka, lakini dereva Francis Marroux alilidhibiti gari, akaongeza mwendo na kuwafikisha abiria wake salama. Ustadi wa dereva ulikuwa na sehemu yake. Hata hivyo, gari lenye mhimili wa kawaida lingemwachia kazi ngumu zaidi, na springi ya chuma isingejaribu, kama ilivyofanya ile ya kimiminika, kulirudisha gari kwenye kimo chake baada ya tairi kuisha upepo.

Ulikuwepo pia ubunifu ambao haukutegemea kimiminika, bali ulitokana na nia ya kuvuta uzito chini na mbele. Paa la nyuzi za kioo lilikuwa jepesi kuliko la chuma, na boneti ilikuwa ya alumini. Bodi iliundwa kwa kiunzi cha chuma ambacho juu yake mabamba ya nje yalifungwa kwa bolti tu, bila kubeba uzito wowote, hivyo bamba lililogongwa liliweza kuondolewa peke yake. Bawa la nyuma, ambalo lilifunika sehemu ya gurudumu, lilishikwa na bolti moja iliyofunguliwa kwa spana ileile ya magurudumu. Gurudumu la akiba lililazwa mbele chini ya boneti ili buti ibaki wazi. Magurudumu ya mbele yaliachana kwa mita 1.5 na yale ya nyuma kwa mita 1.3, na gari likapata umbo la tone la maji, pana mbele na jembamba nyuma, linalopasua hewa kwa urahisi. Hewa ya kupozea injini iliingia chini ya bampa, kwa hiyo uso wa gari haukuhitaji wavu. Indiketa za nyuma Bertoni alizipandisha hadi kwenye pembe za paa, ndani ya vikombe virefu kama tarumbeta, mahali ambapo macho ya dereva anayefuata huangukia yenyewe.

Sifa hizo zote hazikuliepusha gari na matatizo. Injini mpya ya silinda sita iliyokusudiwa iliachwa, na DS ikaanza maisha kwa injini ya silinda nne ya sentimita za ujazo 1,911 iliyotokana na ile ya Traction Avant, yenye nguvu za farasi 75, ambayo ilikuwa sehemu ya kizamani kuliko zote ndani yake. Zaidi ya hapo, usiri uliotangulia uzinduzi uliwafanya mafundi wa gereji wakutane na mashine ambayo hawakuwa wameandaliwa kuitengeneza. Katika magari ya kawaida, uvujaji katika breki hauiathiri springi, na hitilafu ya springi haiugusi usukani. Katika DS, mrija mmoja ukivuja, vyombo vyote vilivyokunywa kisima kimoja vilipata kiu pamoja. Kampuni ilijibu mwaka 1957 kwa kutoa ID 19, ndugu aliyerahisishwa, ambaye alibaki na springi za kimiminika lakini akarudishiwa pedeli ya klachi, gia za mkono na usukani usiosaidiwa. Uamuzi huo unafundisha mengi, kwa kuwa unaonyesha kile ambacho waundaji wenyewe walikihesabu kuwa kiini na kile walichokiona kinaweza kusubiri.

Tiba ya kudumu ilipatikana katika kimiminika chenyewe. Kile cha mwanzo kilinyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo ukaleta kutu ndani ya vyombo ambavyo nafasi kati ya pistoni na silinda ilikuwa ndogo kuliko unene wa unywele. Kuanzia magari ya mwaka 1967, kampuni ilikibadilisha kwa mafuta ya madini yaliyotiwa rangi ya kijani, ambayo hayanywi maji, na vyombo vyote vinavyoyatumia vikapakwa kijani ili fundi asichanganye. Uimara uliopatikana ulionekana katika mbio za magari za mwaka 1974 kutoka London hadi Munich kupitia Sahara, ambazo mshindi wake alikuwa DS ya watu binafsi kutoka Australia.

Bertoni alifariki mwaka 1964, na mrithi wake, Robert Opron, ndiye aliyesimamia uso mpya wa mwaka 1967, wenye taa nne nyuma ya vioo. Taa mbili za ndani ziliunganishwa na usukani, zikageuka upande ambao dereva alikuwa anaelekea na kumulika kona kabla gari halijaifika. Na taa za nje ziliunganishwa na springi ili mwanga usipande wala kushuka gari linapoinamisha pua wakati wa breki. Wazo la taa inayogeuka lilikuwa limejaribiwa kabla, hasa katika Tucker ya mwaka 1948 huko Marekani, iliyokuwa na taa ya tatu katikati ya uso, lakini ni magari 51 tu yaliyoundwa. DS ililipeleka wazo hilo kwa maelfu ya wanunuzi, isipokuwa Marekani kwenyewe, ambako sheria za wakati huo zilikataza taa zilizofunikwa kwa kioo pamoja na zile zinazogeuka.

Hadi uundaji ulipokoma tarehe 24 Aprili 1975, DS na ndugu zake walikuwa wamefikia 1,455,746. Ukitazamwa urithi wao kwa makini, hujitokeza mpaka ulio wazi. Kila kilichoweza kukatwa kutoka kwenye mshipa na kuishi peke yake kilisambaa: breki za diski na usukani wenye msaada wa nguvu ni vya kawaida leo, na taa zinazogeuka zilirudi katika magari ya kifahari mwanzoni mwa karne ya 21. Springi ya kimiminika, ambayo ilikuwa mama wa yote, haikupata makazi nje ya ukoo wake isipokuwa kwa wachache waliomudu gharama. Rolls-Royce iliinunulia leseni mwaka 1965 kwa ajili ya kurekebisha kimo cha Silver Shadow, na Mercedes-Benz iliweka mfumo wa aina hiyo katika 450 SEL 6.9 miaka kumi baadaye. Ndani ya Citroën yenyewe iliendelea kupitia vizazi kadhaa hadi C5, ambayo uundaji wake ulikoma mwaka 2017.

Kilichoirithi ni waya na kompyuta. Gari la leo lina vipimo vinavyohisi uzito, mwendo na pembe ya usukani, na kompyuta inayotoa amri kwa breki, taa na springi ili vyote vifanye kazi kwa kusikilizana. Usikilizano huo ndio hasa Magès na wenzake walioupata kwa mirija, vali na gesi, katika zama ambazo kimiminika kilikuwa hisia, ujumbe na msuli kwa pamoja. Mtu aliyeanza kwa kuuliza kwa nini springi moja itumike kwa gari tupu na gari lililojaa aliishia kuliunda gari linalotambua mzigo wake na kujirekebisha, na kila DS iliyotunzwa bado hulionyesha jambo hilo inapowashwa, ikinyanyua kwanza mgongo, kisha kifua, kabla ya kuondoka.